Chupa Sita Zilizolala

Jirani yangu alikuwa akinusa wageni. Unapiga hodi, unamwamkia shikamoo, anaitika marahaba, kisha anavuta hewa kwa pua mara mbili kabla hajakwambia karibu. Kama umebeba mafuta ya taa, vitunguu, au samaki wakavu kutoka ziwani, unaombwa kwa upole uache mzigo wako kule kwenye kibanda cha kuku, ndipo uingie. Watu walidhani ni maringo. Mimi niliyekuwa mgeni nilidhani ana ugonjwa wa pua, na kwa kuwa nilikuwa nesi nikajitolea kumwangalia.

Sitamtaja jina, na sidhani kama angependa. Kijiji kizima, upande ule wa Mwazye, kilimwita Katekista, na mkewe alimwita hivyohivyo hata walipokuwa wakigombana. Alifundisha dini, alizika, aliongoza ibada ya Jumapili padri asipokuja, na padri hakuja mara nyingi, kwa sababu parokia ilikuwa mbali na pikipiki yake ilitaka petroli ambayo haikuwapo. Mimi nilitoka Tukuyu, nimeletwa na serikali kwenye zahanati mpya iliyokuwa na kuta na paa lakini haina nyumba ya mtumishi. Ndiyo maana mwaka wa kwanza nililala kwake, Mmoraviani peke yangu katika nyumba ya Wakatoliki, nikitembea karibu saa nzima kila asubuhi kwenda kazini. Baadaye tulikuja kuwa majirani wa ua kwa ua. Jumla nilikaa naye miaka tisa. Katika miaka hiyo sikumwona hata siku moja amesinzia mchana, wala ameketi mgongo wake ukielekea mlango wa chumba cha ndani.

Mkewe ndiye aliyenifungulia siri. Mwezi wa pili nikiwa pale nilimwuliza kwa nini anabeba mahindi yake hadi kwa shemeji yake kutwanga, wakati uani kwao nafasi ipo na kinu kipo.

"Mimi nina wake wenza sita," akanijibu, "nao hawapendi kelele."

Wake wenza wenyewe walikuwa chupa za divai. Zilikuwa chini ya sakafu ya chumba cha ndani, katika shimo lenye kina cha mkono wa mtu mzima, zimelazwa ubavu juu ya makapi ya ulezi. Padri mzee wa Kizungu, aliyemfundisha Katekista kusoma, alimwachia kabla hajarudi kwao Ulaya moja kwa moja. Alimwambia kwamba divai hiyo si ya misa za kila mwezi. Ni ya siku ambayo mtoto wa kigango kile, lile kanisa dogo la kijiji, atapadrishwa na kuja kusoma misa yake ya kwanza nyumbani. Itunzwe mpaka siku hiyo, nayo ikitunzwa vizuri itazidi kuwa njema. Wakati huo mtoto aliyekuwa seminari alikuwa mmoja tu, na alikuwa bado anavaa kaptula. Kutoka pale hadi upadri kulikuwa na miaka zaidi ya kumi, kama hakufukuzwa, kama hakuugua, kama hakuona msichana.

Padri alitoa masharti manne. Giza. Ubaridi usiopanda wala kushuka. Chupa ilale, ili divai iguse kizibo nacho kisikauke kikaruhusu hewa. Na utulivu, isitikiswe. Katekista aliyaandika kwenye daftari la shule, chini ya majina ya wabatizwa, kisha akaongeza mawili ya kwake: harufu kali isisogee, na watu wasigombane karibu. Habari ya hasira Padri hakuisema. Katekista alifikiria mwenyewe kwamba kitu kinachoharibiwa na mtikisiko hakiwezi kupenda ugomvi, kwa hiyo yeye na mkewe walipokuwa na neno walikwenda kulimalizia shambani. Nimewaona zaidi ya mara moja wakitoka pamoja jioni, yeye mbele na mkewe nyuma, wamenuna na wanaharakisha.

Ungemwona ungesema ni mtu mwoga, na ungekosea. Wakati wa Operesheni Vijiji, afisa mmoja alipotusomea mkutanoni kwamba vitongoji vyote vihame viende kukaa pamoja kando ya barabara, wanaume wenye sauti walitazama vidole vya miguu. Katekista ndiye aliyesimama akauliza wazee wasioweza kutembea na wanawake waliojifungua juzi watabebwa na nini. Aliuliza mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakujibiwa. Kipindupindu kilipoingia bonde la Rukwa na watu wetu kadhaa wakarudi nacho, aliosha maiti pamoja nami wakati ndugu wenyewe wamesimama mbali. Mtu huyohuyo, mbuzi akiruka ndani ya nyumba na kugonga sakafu kwa kwato, mikono yake ilitetemeka mpaka nikampa maji.

Jambo lililonichekesha zaidi lilikuwa mahubiri yake. Kila mwaka, lilipofika somo la maua ya kondeni na ndege wasiopanda, aliwaambia watu kwa sauti nzito: msisumbukie ya kesho. Akishamaliza kuwaaga waumini alikuwa wa kwanza kufika nyumbani. Angelala kifudifudi sakafuni, atie mkono shimoni, aguse shingo za chupa moja baada ya nyingine. Nilimtania kwamba yeye ndege anao, ila wake hawaruki. Akacheka, lakini mkono haukutoka shimoni.

Alikuwa na msemo wake, "Kinachooza hakipigi hodi." Aliutumia kwa vitu vingi, kwa ndoa za watu, kwa viazi, kwa dari ya kanisa, lakini alikuwa akifikiria chupa. Na hofu yake ilikuwa na msingi ambao ilinichukua muda kuuelewa. Padri alimfundisha kwamba divai ikishageuka siki si divai tena, na misa iliyosomwa kwa siki si misa. Kijana atapanda altareni, atainua kalisi, mama yake atalia, kigango kizima kitapiga magoti, na kumbe hakuna kilichotendeka. Misa ya kwanza ya maisha yake itakuwa maneno matupu, na mwenye kosa ni mlinzi. Hivyo ndivyo alivyoona. Mimi nilijua jinsi mtu anavyoogopa damu isiyokoma au mtoto asiyelia, na nikatambua kwamba hofu yake na yangu ni za ukoo mmoja.

Jambo moja lilizidisha yote. Hakujua divai ina ladha gani. Alikuwa ameimimina kwenye kalisi za mapadri watatu, ameinusa, ameifuta ilipomwagika, lakini hakuwahi kuionja, kwa maana huko kwao waumini walipokea mkate tu na divai ilikuwa ya padri. Pombe ya ulezi aliinywa kwa mrija kama wanaume wengine, na angekwambia kwa kuinusa imechachuka siku ngapi na nani kaipika. Divai ilikuwa giza kwake. Angejuaje kama imeharibika? Kufungua moja ili aonje hakutaka kusikia. Alikabidhiwa sita, atakabidhi sita.

Siku moja aliniuliza, huku anajifanya anatafuta kitu mfukoni, kama ni kweli sisi Wamoraviani tunakunywa kikombe. Nikasema ni kweli. Akauliza ikoje. Nilikumbuka kanisa letu la Tukuyu, kikombe kinavyopita, na utamu ule uliokuwa ukinikaa kooni mpaka Jumatatu. Kisha nikamtazama mzee yule aliyelala mlangoni pa kitu hicho miaka yote, nikaona haifai.

"Ni chachu kidogo, baba," nikamwambia. "Si kitu cha kusumbua."

Akashukuru, akaonekana kupumua. Nikajiona mwerevu.

Tulipohama kwenda barabarani, kila familia ilipewa kiwanja kwa kamba. Chetu kilikuwa bondeni. Katekista alichimba shimo la chupa kabla hajachimba la nguzo, na kufika magotini maji yakaanza kuchuruzika. Akachimba upande wa pili, maji. Nyumba za kule tulikotoka zilikuwa zinabomolewa ili watu wasirudi, miti na majani ya paa vinachukuliwa, na muda ulikuwa umekwisha. Akaziacha chupa zilipo, chini ya sakafu ya nyumba isiyo na kuta wala paa, akaziba mdomo wa shimo kwa ubao na udongo. Kiangazi kizima alikuwa akienda kule kwenye mahame kuziangalia, akisema anatafuta kuni. Alirudi na kuni chache sana.

Kosa lake alilifanya mwisho wa masika, na ni kosa ambalo Mnyakyusa kama mimi asingelifanya. Mfipa hukata majani mabichi mwisho wa mvua, huyarundika na kuyafunika udongo, vinakuwa vilima vya duara wanavyoviita ntumba, uwanda mzima unajaa. Majani yanaoza ndani, udongo unapata rutuba, na juu yake wanapanda maharage. Katekista aliona jua linapiga ile sakafu mchana kutwa. Akafanya kitu ambacho mikono yake ilikijua tangu utotoni, akajenga ntumba juu ya shimo. Aliijenga kubwa mara tatu ya kawaida, majani tele, udongo juu, maharage yakaota vizuri. Jua halikufika tena. Alidhani macho ya watu pia hayatafika.

Lakini nani analima ntumba moja? Watu wakaanza kumwita Bwana Tuta Moja, kwanza kwa mzaha. Halafu mzaha ukabadilika. Ilikuwa miaka ambayo sukari haipatikani, sabuni haipatikani, na mtu mwenye kitu kilichofichwa anaitwa mlanguzi. Wengine walisema kafukia vitenge vya magendo. Wengine walisema jambo baya zaidi, la kwamba mtu haendi kwenye mahame peke yake mara tatu kwa wiki ila kama ana watu wake huko wasioonekana. Huku kwetu neno kama hilo likishatamkwa halirudi mdomoni. Wazazi wawili wakaacha kuwaleta watoto kwenye mafundisho. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye alikuwa mtu mwema lakini naye ana wakubwa wa kumwuliza maswali, akaniambia pembeni, maana alijua tumezoeana, kwamba Jumamosi atatuma mgambo wakafukue lile tuta.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nilimwambia Katekista. Aliingia ndani akatoka amevaa koti la Jumapili, kama mtu anayekwenda kuhukumiwa, na mkewe akamvua kwa nguvu.

Ijumaa saa nne asubuhi tulikwenda, mimi nimebeba sanduku la mbao la zahanati kichwani, yeye jembe. Nilichukua pia kipimajoto cha ukutani nilichopewa kwa ajili ya stoo ya dawa. Sijui kwa nini nilikichukua. Labda nilitaka nimpe namba ya kumtuliza, maana namba huwatuliza wagonjwa. Alifukua kwa upande, akatoa ubao, akaingiza mkono wake mpaka begani, akakaa hivyo kwa muda. Alipoutoa akaufuta kwenye suruali. Mimi nikapiga magoti, nikateremsha kipimajoto kwa kamba. Hata kabla sijakivuta nilihisi pumzi ya joto usoni, kama unafunua chungu cha ugali.

Kilisoma thelathini na mbili. Stoo yangu ilikuwa haizidi kumi na nane. Majani yale yanayooza yalikuwa yamezipika chupa tangu Aprili, na huu ulikuwa Juni.

"Inasemaje?" akauliza.

Alikuwa amesimama na jembe, macho yake juu yangu, uso wa mtu aliyekuja wodini na mtoto mgonjwa mgongoni. Nimewaambia watu wengi ukweli mgumu katika kazi yangu. Siku hiyo sikuweza. Nikapangusa jasho, nikakifunika kipimo na khanga.

"Ishirini, baba. Si mbaya."

Akatikisa kichwa polepole, akaanza kunipa chupa, moja moja, zimelala. Tukazifunga kwa pamba na magazeti ndani ya sanduku.

Njia panda tukakutana na Mwenyekiti mwenyewe juu ya baiskeli. Akashuka. Akaniamkia, akamwamkia mzee shikamoo bila kumtazama, akauliza sanduku lina nini. Nikamwambia ni chupa za dawa ya akina mama, inaharibika ikipata mwanga, na kama anataka kuifungua anisainie kwanza karatasi kwamba kaiharibu yeye. Sikuwa na karatasi yoyote. Alikaa akilitazama lile sanduku, kisha akasogeza baiskeli pembeni tupite. Tulipofika mbali, Katekista akaongea kwa mara ya kwanza.

"Umesema uongo kwa ajili ya divai ya Wakatoliki, nawe ni Mmoraviani. Sijui dhambi yake iandikwe kitabu gani."

"Tugawane," nikasema.

Alidhani uongo wenyewe ni huo mmoja. Ndivyo nilivyoamini.

Jumamosi mgambo walifukua wakakuta shimo tupu. Walirudi wakihadithia jinsi yale majani ya chini yalivyotoa mvuke mara baridi ya asubuhi ilipoyapiga. Walihadithia mbele ya duka la ushirika, watu wamejaa kwenye foleni ya chumvi, na Katekista alikuwamo, na mimi nilikuwamo. Alinitazama. Nikaangalia chini, nikahesabu mawe.

Chupa zilikaa kwenye stoo yangu ya dawa, ukuta wa mawe, sakafu ya saruji, rafu ya chini nyuma ya bandeji. Kila mkaguzi alipokuja kutoka wilayani nilikosa hamu ya kula siku mbili. Nilianza mimi mwenyewe kunusa. Mwanamke akiniletea vitunguu kama shukrani, nilivipokea nje ya mlango. Katekista alipita kila asubuhi kuulizia, na kwa ajili ya masikio ya watu aliziita wagonjwa. Nikajibu hawajambo. Yule mtoto wa seminari, sasa amekuwa frateri mwenye ndevu chache, alikuja kila likizo, na Katekista alimchunguza kwa mbali kama anakohoa, kama amekonda, kama anacheka sana na wasichana wa kwaya. Hakumwambia kamwe habari za chupa. Aliogopa kijana akijua anasubiriwa na kitu atakimbia.

Nami kila nilipofungua ile stoo niliiona thelathini na mbili.

Nilipohamishiwa hospitali ya mjini Sumbawanga, alikuwa ameshapata kiwanja kingine mlimani penye udongo mkavu, akazichukua. Alikuja kuniaga akiwa na kuku na maneno machache. Baada ya hapo nilipata barua mbili kwa mwaka, Noeli na Pasaka, kwa mwandiko wake uliosimama wima: Wagonjwa wetu sita hawajambo, wamelala. Wewe je? Nilijibu sijambo. Mara tatu nilianza kuandika habari ya kipimajoto, na mara tatu nilichana.

Barua ya mwisho ilikuja nje ya majira. "Mtoto amepata daraja," aliandika. "Misa Jumapili ya pili. Njoo siku moja kabla, na uje na ulimi wako."

Nilipanda lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini hadi Matai, juu ya magunia ya chumvi, na kutoka pale nilibebwa kwa baiskeli. Kigango kilikuwa kimepakwa chokaa mpya. Wanawake walikuwa wanapika pombe ya ulezi kwa mapipa. Katekista alikuwa amezeeka kwa upande mmoja, bega lile la kuingiza mkono shimoni limeshuka. Aliponiona hakuninusa. Alisema tu pumzika, kesho alfajiri tutaonana.

Alfajiri alinipeleka sakristia, akafunga mlango. Chupa zote sita zilikuwa juu ya meza, kwenye blanketi, zimelala. Kulikuwa na kikombe cha bati na kizibuo alichoachiwa na Padri, hakijatumika tangu siku ile. Akanieleza shida yake kwa ufupi. Hawezi kumpa kijana kitu asichokijua. Hawezi kumwomba kijana aonje, kwa sababu aibu ingemwua. Katika watu wote anaowajua, mwenye ulimi unaoijua divai na kinywa kinachofunga ni mimi. Kama ni njema niseme. Kama si njema niseme.

Kizibo cha kwanza kilikatika katikati. Harufu ilinijibu kabla sijamimina, lakini nilimimina, nikaonja, kwa maana alikuwa ananitazama mdomo. Ilinikata ulimi.

"Imekuwa siki, baba."

"Fungua nyingine."

Nikafungua. Siki. Ya tatu, siki. Nilitaka kuacha, akasema kila mgonjwa apimwe. Ya sita ilikuwa na kitu kidogo kama utamu kwa mbali sana, halafu nayo ikachoma. Nikaweka kikombe chini. Mikono yake, iliyotetemeka siku ya yule mbuzi, ilikuwa imetulia. Nikaona kwamba nisiposema sasa sitasema tena.

"Siku ile kule kwenye mahame," nikasema, "kipimo hakikusoma ishirini. Kilisoma thelathini na mbili. Nilikudanganya."

"Najua."

Nikageuka kumtazama.

"Mimi ni Mfipa, Nesi. Nisijue joto la ntumba? Nilitia mkono wangu kabla yako. Nikajua nimeziua mwenyewe. Halafu ukasema ishirini." Alikuwa anavirudisha vizibo vilivyovunjika kwenye chupa, kila kimoja mahali pake. "Nikasema, huyu mtoto ananihurumia. Nikaipokea ile ishirini, nikaishi nayo."

Nikamwuliza kwa nini hakufungua hata moja miaka yote hiyo, akajua moja.

"Ningejua, ningeamka asubuhi nilinde nini?"

Nililia. Nasema wazi kwamba nililia, pale sakristia ya watu, nikiwa mtumishi wa serikali mwenye cheo. Yeye hakulia. Alivaa koti lake, na safari hii mkewe alikuwa kwa wapishi, hakuwapo wa kumvua, akaenda kumwita padri mpya. Alimweleza mbele yangu yote, shimo, ntumba, sanduku, siki, bila kujitetea na bila kunitaja nilipokosa. Yule kijana alisikiliza amesimama. Hakuwahi kusikia habari za chupa hata siku moja. Alipoelewa, akainama akafungua begi lake dogo jeusi, akatoa chupa ya divai isiyozidi kiganja, akaiweka mezani. Kila padri hutembea na yake, akasema kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi.

Mzee alishika ukingo wa meza. Aliitazama ile chupa ndogo, akazitazama sita zake, kisha akavuta hewa kwa pua mara mbili, kwa mazoea.

"Basi misa itakuwa misa," akasema.

Ilikuwa misa. Mama wa kijana alilia kama ilivyotarajiwa. Mimi nilikaa benchi la nyuma kabisa pamoja na wenye watoto wachanga. Baada ya padri kupokea, kabla ya watu kupanga mstari, aligeuka akamwita Katekista kwa mkono. Mzee alidhani kuna kilichosahaulika, akapanda haraka na kitambaa. Padri akampa kalisi. Watu wakanyoosha shingo, kwa sababu hatukuwahi kuona hivyo pale. Aliishika kwa mikono miwili, akatazama ndani muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa, akanywa.

Alinijia nje wakati wa ngoma, watu wakiwa wamezunguka mapipa. Alikuwa bado analamba mdomo wa juu.

"Nesi. Uliniambia ni chachu kidogo."

"Ndiyo, baba."

"Ni tamu."

Sikujua niombe msamaha kwa lipi kati ya mawili.

"Ulifanya vizuri," akasema. "Ningejua ni tamu hivi, nisingepata hata kale kausingizi kangu."

Akavuta kiti, akaketi kwenye kivuli cha ukuta, mgongo wake kwenye mlango wa sakristia. Chakula hakijagawiwa alikuwa ameshalala, mdomo wazi. Hatua tatu kutoka alipokuwa, mkewe aliweka kinu chini, akamtazama, akaanza kutwanga karanga za mboga.